Kikohozi cha Kawaida

Siku ya tisa baada ya kumzika mkewe, fundi mihuri alikuwa kwenye meza yake ya chumba cha mbele, anachonga muhuri wa chama cha waosha magari, aliposikia mkewe anakohoa chumba cha nyuma. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Alikuwa amefika kwenye herufi W, ambayo ina kona nyingi na haitaki haraka, kwa hiyo aliimaliza kwanza, akapuliza vumbi la mpira, akaweka kisu chini, ndipo akanyanyuka kwenda kutazama.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kigoda, marobota mawili ya pamba, godoro moja lililoshonwa nusu, na kikohozi. Kilikuwa juu kidogo ya kigoda, pale ambapo kifua cha mkewe kingekuwa kama angeketi. Kilikohoa mara tatu fupi, kikavuta pumzi, kikakohoa mara moja ndefu, kikanyamaza. Fundi alikijua. Ukilala na mtu miaka ishirini na miwili, utashindwaje kukijua kikohozi chake?

"Pole," alisema.

Akaenda jikoni kuchemsha maji. Akaponda tangawizi, akatia asali kijiko kimoja kama walivyozoea, akaweka kikombe sakafuni karibu na kigoda. Kikombe kikapoa. Hilo halikumshangaza, kwa sababu hata alipokuwa hai mkewe alikuwa mtu wa kuacha chai ipoe.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Chumba cha mbele kilikuwa cha mihuri, cha nyuma kilikuwa cha magodoro, na usiku magodoro ya watu yalisukumwa ukutani ili wenyewe wapate pa kulala. Watoto hawakujaliwa. Mtaa mzima ulimwita marehemu Mama Magodoro, maana kwa miaka yote hiyo alichambua pamba kwa vidole, akajaza, akashona kwa sindano ndefu kama kiganja, na hakuna aliyelalia godoro lake akalilalamikia.

Kikohozi kilifuata ratiba yake ileile. Alfajiri kimoja cha kuamkia, saa nne kile kikubwa cha kazi, alasiri kile cha kufagia. Jumapili kilipumzika, kwa kuwa Jumapili marehemu hakuwa akishika pamba. Jumatatu kilirudi na nguvu mpya, kikikaba mpaka adhuhuri. Jumanne kililegea kidogo, na kufika Alhamisi kilikuwa cha kuvumilika.

Ukweli usemwe: fundi alifurahi. Zile siku nane za mwanzo nyumba ilikuwa kimya mpaka alisikia kisu chake kikikata mpira, sauti ambayo hakuwahi kujua kama ipo. Alikuwa anapika chakula cha watu wawili na kula cha mmoja. Alikuwa anageuka kusema jambo, jambo lenyewe dogo tu, kwamba wino umepanda bei au kinyozi wa jirani kanyoa mteja sikio, halafu anakuta anauambia ukuta. Sasa akisema, chumba cha nyuma kinakohoa. Si mazungumzo, lakini walioishi peke yao wanajua kwamba ni kitu.

Majirani nao hawakuleta maneno. Kinyozi alikuwa akipita asubuhi na kiti chake begani, anauliza, "Fundi, mama kaamkaje?"

"Kifua bado."

"Mpe pole zangu."

Na fundi alikuwa anazifikisha.

Lakini kikohozi ni kikohozi, hata kama mwenyewe hayupo, na kusikiliza mtu unayempenda akikohoa kutwa ni kazi ya kuchosha roho. Fundi alijaribu anachokijua. Alijaribu limau na asali. Alijaribu mvuke wa majani ya mkaratusi kwenye beseni, akafunika kigoda kwa taulo. Mafuta ya kuchua alikosa pa kuyapaka, akakipaka kigoda. Wiki ya nne kinyozi alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Fundi, kikohozi kikipita wiki tatu hakikai nyumbani. Kipeleke zahanati. Hata cha marehemu."

Kilikuwa hakitoki bila mto wake. Fundi aligundua hilo Jumatatu iliyofuata, alipotangulia mlangoni kikabaki kinakohoa chumbani. Akarudi, akauchukua mto wa mwisho ambao mkewe aliujaza mwenyewe, akaukumbatia kifuani, akachukua na daftari la matibabu, wakaenda. Njiani mto ulikohoa na watu wakasema pole, wengine wakimwambia fundi, wengine wakiuambia mto.

Dirishani pa zahanati alikaa karani, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa.

"Mgonjwa yuko wapi, baba?"

"Huyu hapa." Akauonyesha mto. "Ni kikohozi tu. Mwenyewe tulimzika mwezi uliopita."

"Daftari analo?"

"Analo."

"Basi si ungesema. Foleni ile pale."

Kwenye benchi watu walisogeana mto ukapata nafasi. Fundi alisimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa muda mrefu pale ndani, kwa kuwa mkewe alizoea kuja mwenyewe na kumwambia, "Wewe kaa na kazi zako, mimi naenda na kurudi." Sasa aliona jinsi kazi inavyokwenda. Mtu anaingia, mlango hata haujatulia, anatoka na daftari lenye wino mbichi. Zahanati ilikuwa na mihuri mitano: HOMA YA KAWAIDA, TUMBO LA KAWAIDA, KICHWA CHA KAWAIDA, MGONGO WA KAWAIDA na KIKOHOZI CHA KAWAIDA. Kila ajaye lazima apate mmojawapo, kwa sababu kabati la dawa lina droo tano. Mzee aliyekuja na jino alitoka na KICHWA, kwa kuwa jino liko kichwani. Mama aliyevimba mguu alitoka na MGONGO. Aliuliza kwa nini, akajibiwa kwamba mguu unaanzia huko.

Fundi aliitazama ile mihuri kwenye madaftari ya watu, na kwa mazoea ya kazi akaona kwamba herufi bado zimesimama vizuri. Ilikuwa kazi yake. Aliichonga yote mitano miaka saba iliyopita.

Tabibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja tu, na benchi lilikuwa na watu sabini. Aliweka kipimo chake cha kifua juu ya mto, akainamisha kichwa.

"Kohoa."

Kikakohoa.

"Tena."

Kikakohoa tena. Tabibu akavuta daftari, akalifungua, akagonga muhuri. Ulikuwa wa kumi na mbili. Kumi na moja ya kwanza mkewe alikuwa amegongewa yeye mwenyewe, akiwa na kifua chake.

"Dawa ya maji, kijiko kimoja mara tatu," Tabibu alisema. "Mwingine!"

Fundi hakunyanyuka. "Tabibu, kwa nini anakohoa?"

Tabibu alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu aliyepotezana naye siku nyingi. Akaegemea kiti.

"Vikohozi viko vingi, fundi. Kuna cha mafua, hicho ukinywa vya moto na kupumzika kinajiondokea chenyewe. Kuna cha pumu, kina filimbi ndani yake. Kuna cha kiungulia, asidi ya tumbo inapanda kooni mtu akijilaza. Huyo unamwambia asile na kulala hapohapo, na umnyanyulie kichwa. Kuna cha kifua kikuu, kinakuja na jasho na kukonda, na hicho hakitaki mzaha, lazima makohozi yapimwe. Kuna cha moshi, cha vumbi. Hata dawa za presha zipo zinazokohoza."

"Na hiki?"

"Hiki nimeshakigonga."

"Ndiyo. Lakini ni kipi katika hivyo?"

Tabibu aliunyanyua muhuri, akaugeuza upande wa mpira, akamwonyesha. "Mimi nina muhuri mmoja wa kikohozi. Si ulichonga wewe mwenyewe? Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameamua tu kutokumbuka, na hilo ni jambo jingine.

Miaka saba iliyopita Tabibu huyuhuyu alikuja kwenye meza yake na karatasi. Wakubwa wa juu walikuwa wametuma fomu mpya yenye safu tano, na mkono wake ulikuwa umechoka kuandika. Kwenye karatasi aliandika KIKOHOZI, na chini yake SABABU, halafu mstari mtupu wa kujazwa kwa kalamu. Fundi aliipima karatasi juu ya kipini cha muhuri. Haikuenea. Akaitazama tena, na hapo ndipo ufundi ukamtia kiburi. "Huu mstari unakula nafasi bure," alimwambia. "Halafu mstari mtupu kwenye muhuri unafanya kazi ionekane haijaisha. Weka CHA KAWAIDA. Herufi kumi tu, zinakaa chini ya KIKOHOZI kama zimezaliwa pamoja." Tabibu alikuwa na haraka. Alisema sawa. Mihuri mingine minne ikafuata mtindo uleule ili ifanane.

Jioni ile fundi aligonga nakala ya kwanza kwenye kipande cha karatasi, akampelekea mkewe chumba cha nyuma. Mkewe alijipangusa pamba mikononi, akaisoma, akacheka. "Umekaa vizuri," alisema. Kisha akakohoa kidogo, akarudi kwenye godoro.

Adhuhuri hiyo, waliporudi kutoka zahanati, fundi aliuweka mto juu ya kigoda, akaketi sakafuni mbele yake. Chupa ya dawa ya maji ilikuwa bado kwenye mfuko.

"Lile neno ni langu mimi, mke wangu," alisema. "Tabibu aliacha nafasi ya kuuliza. Mimi nikaijaza, kwa sababu ya kipini."

Akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume wa miaka hamsini na sita, mpaka kinyozi akapunguza redio yake kwa heshima. Alitaka kitu kimoja tu sasa, na aliking'ang'ania kuanzia siku ile: mtu mmoja amuulize mkewe kwa nini anakohoa, na jibu liandikwe. Kikohozi kilikohoa mara moja, kikanyamaza. Hakujua kama ni msamaha au ni kifua tu.

Alichonga muhuri mpya. Kipini alikitoa kwenye mguu wa kiti kilichovunjika, kipana kuliko vyote alivyowahi kutumia. KIKOHOZI, akachonga, na chini yake SABABU, na mbele ya SABABU mstari. Herufi zilimchukua siku moja. Mstari ulimchukua siku mbili, maana herufi inaficha mtetemeko wa mkono lakini mstari haufichi kitu. Aliharibu vipande vinne vya mpira. Jumatatu iliyofuata akaukumbatia mto, akarudi kwenye foleni.

Tabibu aliupokea, akaujaribu kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Mstari umenyooka," alisema.

"Ni zawadi kwa zahanati."

"Tatizo fomu ya wakubwa ina safu tano, fundi. Haina safu ya sababu. Nikiijua nitaipeleka wapi?"

"Iandike kwenye daftari lake tu."

Tabibu alitazama mlango, na nyuma ya mlango benchi lilikuwa linasikika. Alijikuna kidevu. "Mara moja," alisema. "Kwa ajili ya marehemu." Akagonga.

Sasa, mstari mtupu una kero yake. Ukishaugonga huwezi kuuacha hivyo, unakutazama. Tabibu alishika kalamu, akaona hana cha kuandika, ndipo akalazimika kuuliza.

"Kikavu au kina makohozi?"

"Kikavu."

"Jasho usiku? Damu?"

"Hapana."

"Anafanya kazi gani?"

Mara kumi na moja mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti kile, na pamba ikiwa kwenye nywele zake, na swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa. "Anachambua pamba," fundi alisema. "Anajaza magodoro. Tangu kabla sijamwoa."

Tabibu akainama karibu na mto, akasema kwa upole zaidi, "Mama, kama ndiyo, kohoa mara moja. Kama siyo, mara mbili. Kifua kinabana zaidi ukirudi kazini baada ya kupumzika?"

Mara moja.

"Yaani Jumatatu?"

Mara moja.

"Na chumba cha kazi, dirisha huwa wazi?"

Mara mbili.

"Upepo ungepeperusha pamba," fundi alieleza. "Tulilifunga kwa misumari."

Tabibu aliyarudisha nyuma majani ya daftari. Kila muhuri ulikuwa na tarehe pembeni, kwa mwandiko wake. Alitungua kalenda ukutani, za miaka yote zikiwa kwenye msumari mmoja, akazilinganisha tarehe kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kumi zilikuwa Jumatatu. Moja ilikuwa Jumanne, baada ya Jumatatu ya sikukuu.

"Ilikuwa humu muda wote," alisema.

Akaandika kwenye mstari: vumbi la pamba. Aliandika kwa herufi za kusomeka, jambo ambalo matabibu hawana mazoea nalo.

"Na dawa yake?" fundi aliuliza.

"Dawa ya kwanza ni kumtoa kwenye vumbi. Pamba itoke, dirisha lifunguliwe, chumba kipigwe deki, siyo kufagia kwa ufagio mkavu. Anayelazimika kuishika ajifunge kitambaa chenye maji puani na afanyie kazi nje. Kuna na dawa ya kuvuta kwa mdomo, inafungua kifua, ila hiyo iko hospitali kubwa, na wanampa mwenye pumzi." Akafunga kalamu. "Miaka mitano nyuma ingetosha kumbadilishia kazi."

Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyosemea kijiko kimoja mara tatu. Fundi alisema asante, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akitoka kwa tabibu. Mambo yote yalikuwa yamechukua dakika kumi na nne. Nje benchi lilikuwa limenuna, na karani akamwuliza kama humo ndani walikuwa wanafunga ndoa.

Alasiri hiyohiyo fundi aling'oa misumari ya dirisha. Marobota ya pamba aliyakokota hadi uani. Mdogo wa marehemu alikuwa ameshayaulizia mara mbili, kwani wateja walikuwa wanadai magodoro yao, na dada mtu ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuja na mkokoteni. Aliingia kwanza chumba cha nyuma, akakisalimia kigoda.

"Shikamoo, dada."

Kikakohoa. Akatoka anajifuta macho kwa mkono.

"Shemeji, hii pamba ndiyo iliyomuua," fundi alimwambia.

"Nani kasema?"

"Tabibu. Kaandika."

"Miaka yote hiyo hakuandika, kaandika leo?"

"Fanyia kazi nje, shemeji. Ufunge kitambaa chenye maji puani. Na dirisha uache wazi."

"Nje wapi? Mimi ninapokaa nje ni barabara. Hayo magodoro yatakuwa na vumbi la magari, nani atayanunua?" Alicheka, akapakia robota la pili. "Dada alikuwa na kifua tangu utoto. Usijitie presha."

Fundi alikuwa na la kusema zaidi. Hakulisema. Alitaka chumba kibaki kitupu kabla ya Jumatatu, na mkokoteni ulikuwa tayari umejaa.

Chumba alikipiga deki mara tatu. Jumatatu kikohozi kilikuja saa nne, lakini kilikuwa kimepungua, mara mbili fupi na basi. Wiki iliyofuata ilikuwa mara moja. Hapo ndipo fundi alipoelewa kile ambacho msomaji bila shaka alishakiona, ila yeye alikuwa na shughuli nyingi: alikuwa anamtibu mkewe, na mkewe akipona hatakuwa na sababu ya kuja.

Jumatatu ya tatu saa nne ilifika, ikapita. Saa tano. Alikaa na kisu mkononi bila kukata kitu. Saa sita kasoro aliingia chumba cha nyuma, akafunga dirisha, akauchukua ule mto, akafumua mshono wa pembeni, akaukung'uta kwa nguvu mpaka hewa ikawa nyeupe.

Kikohozi kilirudi mara moja. Kilikuja kibaya kuliko siku zote, kikakohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, kikajikunja juu ya kigoda, kikashuka mpaka usawa wa sakafu, mahali mkewe alipokuwa amepiga magoti siku aliyokufa. Fundi alikihimili kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Kisha akalisukuma dirisha wazi kwa mikono miwili.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa peke yangu."

Pamba ilitoka kidogo kidogo ikaenda zake uani, na mto nao akautoa nje. Kikohozi kilipungua, kikawa pumzi, na pumzi ikatulia. Baada ya hapo hakikuja tena, si Jumatatu wala siku nyingine. Nyumba ilirudi kuwa kimya na kisu kikaanza kusikika upya. Fundi aliendelea kumimina vikombe viwili vya chai ya tangawizi, kimoja chake na kimoja cha kupoa, na kinyozi akipita asubuhi hakuuliza tena mama kaamkaje. Alisema tu, "Fundi," na fundi akajibu, "Kinyozi."

Ulipita mwezi na nusu. Karani wa zahanati akaja mwenyewe mezani, na sauti yake ikamtangulia toka kona ya barabara. Alikuwa na muhuri umefungwa kwenye gazeti.

"Umekwisha, baba. Tazama. Neno la chini halisomeki kabisa, linatoka doa. Ndio unaotumika kuliko yote."

Fundi aliutazama. Mpira ulikuwa umelika na CHA KAWAIDA lilikuwa limebaki vinundu. "Na ule mpya? Wenye mstari?"

"Ule mkubwa? Upo. Tabibu anagandamizia fomu zisipeperuke, tangu tuletewe feni. Mzito, unafaa sana." Akaweka gazeti mezani. "Anataka kama huu wa zamani. Maneno yaleyale. Ukiwa na kazi nyingi sema, kuna kijana stendi anachonga kwa mashine."

Wanaotaka kumsikia fundi akikataa watasubiri sana. Alifikiria kukataa. Alifikiria kuchonga kosa kwa makusudi. Alifikiria kwenda kusimama mbele ya lile benchi na kuwaambia watu wote tarehe za Jumatatu. Halafu akafikiria mashine ya stendi, akaona kwamba muhuri utakuwepo tu, iwe kwa mkono wake au wa mwingine. Akauchonga. Ulimchukua saa mbili, kwa kuwa mkono ulikuwa unayajua maneno. Alipoujaribu kwenye karatasi alimimina chai, vikombe viwili, akakaa anautazama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba umekaa vizuri.

Jumatatu iliyofuata, mchana, shemeji yake alikuja. Alikuwa amepungua mabega. Alivuta kiti upande wa pili wa meza, akaketi bila kusalimia, akasubiri pumzi imrudie. Nywele zake zilikuwa na pamba. Kisha akakohoa, mara tatu fupi, akavuta pumzi, mara moja ndefu.

Fundi aliweka kisu chini.

"Ni kifua tu," shemeji alisema. "Nimetoka zahanati sasa hivi, wamenipa dawa ya maji. Tabibu kasema niondoe wasiwasi." Akalisukuma daftari mezani. Lilikuwa jipya, limeandikwa ukurasa mmoja. Muhuri ulikuwa umegongwa katikati, na wino wake haukuwa na doa hata moja. Kila herufi ilikuwa imesimama.

"Kilianza lini?" fundi aliuliza.

"Wiki mbili, tatu."

"Kinazidi Jumatatu?"

Shemeji alikuwa bado anatafuta jibu. Chumba cha nyuma, ambacho hakikuwa na pamba, wala mto, wala mtu, kilikohoa mara moja.

Wote wawili waligeuka, wakangoja. Hakikukohoa mara ya pili.

"Dada kaitikia," shemeji alisema polepole.

"Acha hiyo kazi, shemeji. Nakuomba."

"Nina magodoro sita ya bweni la shule, Jumatatu ijayo wanayafuata. Nikiacha nile nini? Wewe umeacha yako?"

Fundi alichukua kalamu, akalivuta daftari karibu, atafute pa kuandika sababu. Muhuri ulikuwa umekaa vizuri, ukingo kwa ukingo. Chini yake palikuwa na jina la dawa, na chini ya dawa ukurasa ulikuwa umekwisha. Aligeuza upande wa pili akaandika huko, kwa herufi za kusomeka, vumbi la pamba, ingawa alijua kwamba Tabibu hageuzi ukurasa.

Shemeji alikivuta kikombe cha pili, kilichokuwa kimepoa tangu asubuhi, akanywa chai yote.